Imogen si jina batili kwa sababu ya kalamu iliyoteleza

Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu, sauti imemshuka. Mumewe ni Mwingereza, wanatarajia mtoto wa kike, na upande wa mume umependekeza aitwe Imogen. Mama alilipenda jina tangu siku ya kwanza. Kisha shemeji yake akamwambia, "Hilo si jina, ni kosa la mtambo wa chapa." Akataka kujua kwangu kama ni kweli binti yake atabeba kosa maisha yake yote.

Nafundisha isimu ya majina. Swali hili nimeulizwa na wazazi mara nyingi mno, na kila mara anayeuliza amekwisha kukata tamaa kwa sababu ya mtu aliyesoma nusu ya habari. Leo naiandika yote.

"Imogen ni kosa la chapa, kwa hiyo halina maana"

Nianze na kilichomo cha kweli. Jina hili tumelipata kutoka Cymbeline, tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1623, katika kitabu kikubwa kilichokusanya tamthilia zake miaka saba baada ya kufariki. Humo Imogen ni binti wa mfalme wa Britania. Lakini Simon Forman, mnajimu na mganga wa London, aliitazama tamthilia hiyo ikichezwa mwaka 1611, na katika maelezo yake aliandika Innogen. Forman hakuwa na kitabu mkononi. Aliandika alichokisikia jukwaani.

Upo ushahidi mwingine. Katika chapa ya mwaka 1600 ya Much Ado About Nothing, tamthilia nyingine ya Shakespeare, maelekezo ya jukwaa yanamtaja Innogen, mke wa Leonato, ambaye hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa tazama mume wa Imogen katika Cymbeline anaitwaje: Posthumus Leonatus. Leonato na Innogen huku, Leonatus na Imogen kule. Mwandishi ni yuleyule, na ni wazi majina haya mawili yalikuwa yamekaa pamoja kichwani mwake. Isitoshe, tarikh ya Holinshed, yaani kitabu cha historia ambamo Shakespeare alichota visa vingi vya wafalme, inamtaja Innogen, mke wa Brutus, yule ambaye masimulizi ya kale yanamfanya mwanzilishi wa Britania.

Ilikuwaje basi? Chukua kalamu ujaribu mwenyewe. Katika mwandiko wa mkono wa zama zile, n ni vijiti viwili vifupi vilivyosimama. Andika n mbili zikifuatana, unapata vijiti vinne. Andika m, unapata vitatu. Wino ukivuja kidogo, au mkono ukiwa na haraka, hakuna pengo linaloonyesha herufi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Msomaji hubaki kuhesabu vijiti. Innogen na Imogen vinatofautiana kwa kijiti kimoja. Wanafunzi wangu huwa nawaandikia ubaoni bila kuwaambia ni neno gani, na darasa hugawanyika nusu kwa nusu.

Kwa hiyo wahariri wengi wa siku hizi wanaona kwamba Shakespeare aliandika Innogen, na toleo la Oxford la kazi zake la mwaka 1986 liliirudisha tahajia hiyo. Hata hivyo, katika kitabu cha 1623 jina ni Imogen kila linapotokea, ukurasa hadi ukurasa. Huyo si mpanga herufi aliyeteleza kidole mara moja. Huenda aliyenakili mswada ndiye aliyelisoma hivyo, akaliandika hivyo mpaka mwisho. Ndiyo maana hata kauli ya "kosa la chapa", inayosemwa kwa uhakika mkubwa mitandaoni, imesemwa kwa haraka mno.

Ila kinachonikera hasa ni ile "kwa hiyo". Tuseme ni kosa. Ndiyo jina limekufa? Nenda Bujumbura, Kigali au Kinshasa uhesabu akina Cedric. Jina hilo lilitokea katika riwaya ya Walter Scott, Ivanhoe, mwaka 1819, na wataalamu wanaona kwamba Scott alipindua herufi za Cerdic, mfalme wa kale wa Wessex, huko Uingereza. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia Cedric kwamba jina lake ni batili. Akina Pamela tunao tele, na Pamela lilitungwa na mshairi Philip Sidney katika karne ya 16. Vanessa lilitungwa na Jonathan Swift, likachapwa mwaka 1726. Haya yote tumeyapokea, tumeyabatiza, tumeyaandika kwenye vyeti vya shule. Imogen lina zaidi ya miaka 400 katika maandishi. Linadaiwa nini zaidi?

Na tuangalie nyumbani. Ni familia ngapi zina ndugu watatu wenye tahajia tatu za jina la babu mmoja, kwa sababu kila mtoto aliandikishwa na karani wake? Mmoja ana h, mwingine hana, wa tatu kaongezewa e mwishoni. Hakuna anayesema babu hakuwapo.

"Maana yake ni sura" (au "asiye na hatia", au "kitinda mimba")

Hizi tatu huja kwangu zimenakiliwa kutoka orodha za majina ya watoto, na nitazimaliza haraka. "Sura" inatokana na kulilazimisha jina liwe neno la Kilatini imago, kwa kuwa tu yote mawili yanaanza na im. "Asiye na hatia" ni kucheza na sauti ya Innogen. "Kitinda mimba" sijaona hata hoja ya kuipinga, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitetea kwa ushahidi.

Maana inayotajwa na kamusi za majina zinazoheshimika ni nyingine: neno la Kiairishi cha kale ingen, yaani binti, msichana. Bado liko hai. Kwa Kiairishi cha leo ni iníon, na kwa Kigaeli cha Uskoti ni nighean. Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapo. Sisi tuna Binti, tuna Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanaidi. Kumwita mtoto kwa neno lenye maana ya mtoto au binti ni jambo tulilolizoea. Nilipomwambia hivyo yule mama, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama jina la bibi yangu." Bibi yake alikuwa Mwanaidi.

Niseme na hili, kwa kuwa sipendi kumtoa mtu kwenye uhakika wa uongo nikamtia kwenye uhakika mwingine: uhusiano na ingen umejengwa juu ya kufanana kwa sauti. Katika historia ya Kilatini ya Geoffrey wa Monmouth, ya karne ya 12, mke wa Brutus ameandikwa Ignoge, naye ni binti wa mfalme wa Wagiriki. Kwa hiyo ni asili inayoelekea kuwa kweli, na ni bora kuliko zote nilizozitaja, lakini haina hati.

"Shakespeare ndiye aliyelitunga"

Hapana. Umekwisha kuona kwamba Holinshed na Geoffrey walimtangulia. Ukitaka jina alilolitunga kweli, chukua Miranda.

"Hakuna anayeitwa hivyo"

Inategemea umesimama wapi. Uingereza na Wales, katika miaka ya 2010, Imogen lilikuwa miongoni mwa majina 100 yanayopendwa zaidi kwa watoto wa kike, na Australia nako linafahamika vizuri. Marekani halijawahi kuwa la kawaida, ingawa mpiga picha Imogen Cunningham alizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1883. Ukitazama picha zake za maua ya magnolia, petali zimefunguka mbele yako kama karatasi laini, unaelewa kwa nini jina lake halikupotea. Uingereza alikuwapo Imogen Holst, aliyezaliwa 1907, mtunzi na kiongozi wa muziki, binti wa mtunzi Gustav Holst. Kuanzia 1952 alifanya kazi na mtunzi Benjamin Britten huko Aldeburgh. Kwetu jina hili ni adimu kweli, na hiyo ni sehemu ya mvuto wake.

Mvuto wenyewe unatoka kwa mhusika. Imogen wa Cymbeline anasingiziwa uzinzi na mtu aliyejificha ndani ya kasha chumbani mwake usiku, akatoka Imogen akiwa amelala, akaandika kila alichokiona humo ili kumdanganya mumewe. Mume anaamini uongo na kuagiza auawe. Imogen anavaa nguo za kiume, anajiita Fidele, yaani mwaminifu, na kutangatanga peke yake katika milima ya Wales. Wasomaji wa karne ya 19 walimpenda mno. Tennyson, mshairi mkubwa wa enzi ya Malkia Victoria, alipofariki mwaka 1892 alizikwa pamoja na nakala ya Cymbeline. Imogen huyo ndiye ambaye wazazi wa zama zile waliwataka binti zao wawe na jina lake.

Mambo machache ya mkononi, maana ndiyo huulizwa mwisho wa simu. Kwa Kiingereza g hutamkwa kama j yetu na mkazo huwa mwanzoni: I-mojen. Wajerumani hutamka g ya "gari". Kwa Kiswahili mtoto ataitwa Imojeni, mkazo utasogea kwenye je, na hakuna ubaya wowote. Masikio ya mtoto huzoea yote mawili. Kabla hamjaamua, simameni mlangoni mkaliite kwa sauti mara kumi, kama mnavyomwita mtoto aliye uani, halafu liandikeni kwa mkono pamoja na jina la baba na la ukoo. Huo ndio ushauri ninaompa kila mzazi, na nauamini kuliko orodha yoyote ya maana.

Yule mama aliuliza pia kama waandike Innogen, ili "kurekebisha". Nilimwambia asifanye hivyo. Kila karani atadhani amekosea na atamrekebishia, na binti atakuwa na cheti kimoja chenye n mbili na kingine chenye m. Imogen, herufi sita, m moja, g na si j. Likagueni kwenye fomu kabla ya kutia saini.