Mfuko wa Plastiki Ndani ya Chungu cha Umeme: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuutandika

Miongoni mwa maswali yanayofika mara kwa mara katika kitengo chetu cha usalama wa chakula ni hili: je, ni salama kutandika mfuko wa plastiki ndani ya chungu cha umeme cha kupikia polepole, kupika humo kwa saa nyingi, kisha kuutupa mfuko ili kuepuka kazi ya kusugua? Jibu linaanzia kwenye aina ya plastiki iliyotumika, na hapo ndipo mazoea yetu ya lugha yanapoweza kumponza mtu.

Katika mazungumzo ya kila siku, mfuko wowote mwembamba huitwa nailoni, ilhali mingi kati ya mifuko hiyo ni ya polithini. Polithini laini, inayotumika kwa mifuko ya kubebea bidhaa na ya kuhifadhia vyakula, huyeyuka kwenye nyuzijoto kati ya 105 na 115 hivi za Selsiasi, na hulegea hata kabla ya kufika hapo. Nailoni halisi, ambayo ndiyo hutumika kutengeneza mifuko maalumu ya kutandikia vyungu hivi, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 200. Chungu cha aina hii huivisha chakula kuanzia nyuzi 77 hivi na kuendelea, na kikiwekwa kwenye joto la juu huku mchuzi ukipungua, kuta zake zinaweza kuwa na joto kali kuliko chakula chenyewe. Mfuko wa polithini katika mazingira hayo unaweza kugandamana na chungu na kuachia plastiki ndani ya chakula. Hili ndilo kosa linalonitia hofu kuliko mengine yote, kwa sababu hufanywa na watu wenye nia njema: mifuko maalumu imewaishia, na mfuko mwingine uko karibu. Ikiwa kifungashio hakisemi waziwazi kwamba mfuko ni wa kupikia na hakitaji kiwango cha juu cha joto unachohimili, usiutumie.

Hata hivyo, kutoyeyuka si sawa na kutoachia kitu. Plastiki yoyote inayogusa chakula inaweza kupoteza sehemu ndogo ya kemikali zake, na kiasi hicho huongezeka kadiri joto linavyopanda na muda unavyorefuka. Ndiyo maana sheria huweka mipaka; katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, jumla ya vitu vinavyohamia kwenye chakula haipaswi kuzidi miligramu 10 kwa kila desimita moja ya mraba ya plastiki inayokigusa. Kwa nailoni, vinavyohama zaidi ni vipande vifupi vya malighafi yake viitwavyo oligoma, navyo huhamia hata kwenye maji ya moto yasiyo na mafuta. Mwaka 2019, taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula, BfR, ilishauri kwamba miiko na vyombo vingine vya jikoni vya nailoni viguse chakula chenye joto linalozidi nyuzi 70 kwa muda mfupi iwezekanavyo. Ushauri huo haukuhusu mifuko, na haki inataka niseme kwamba mfuko mwembamba una malighafi kidogo kuliko mwiko mnene. Lakini mwiko huzama mchuzini kwa dakika chache, na mfuko hukaa humo saa sita au nane.

Kuna pia suala la chembechembe. Mwaka 2022, watafiti wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mifuko ya nailoni ya kiwango cha chakula, ikiwekewa maji ya moto, huachia matrilioni ya chembe za plastiki kwa kila lita, zaidi ya zile zilizotoka kwenye vikombe vya karatasi vyenye utando wa plastiki. Chembe hizo ni ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya nanomita 100, hivyo idadi kubwa haimaanishi uzito mkubwa, na watafiti wenyewe walieleza kwamba kiasi hicho hakikuvuka mipaka ya usalama iliyowekwa na wadhibiti. Sioni sababu ya taharuki kwa aliyetumia mfuko huo mara chache. Kwa anayeutumia kila siku, ningependa aache, maana faida anayoipata ni kuokoa dakika chache za kuosha. Maandishi ya kwamba mfuko hauna BPA, kemikali inayotumika kutengeneza baadhi ya plastiki, yasimtulize mtu kupita kiasi, kwa kuwa nailoni haitengenezwi kwa kemikali hiyo tangu mwanzo.

Anayeamua kuutumia aukunje pembeni pasipo mikunjo mikubwa ili mfuniko ukae sawasawa, asikorogee kitu chenye ncha kali, na asiuinue ukiwa na chakula cha moto, kwani ukipasuka humwunguza aliyeushika. Chakula kipakuliwe kwa upawa. Mabaki yasiachwe ndani ya mfuko yapoe polepole. Yahamishiwe kwenye vyombo visivyo na kina kirefu na kuwekwa kwenye friji ndani ya saa mbili, kabla bakteria hawajapata nafasi ya kuzaliana.

Kwa wengi wetu kuosha si kazi kubwa hivyo. Pakaza mafuta kidogo ndani ya chungu kabla ya kupika, kisha chakula kikishatolewa acha chungu kipoe, ukijaze maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kukiacha kwa saa kadhaa. Maji baridi yasimiminwe kwenye chungu cha kauri kingali moto, kwa sababu kinaweza kupasuka.

Mfuko uliokwisha kutumika, ukiwa umejaa mafuta na mchuzi, kwa kawaida haurejelezwi, kwa hiyo utupwe pamoja na taka za kawaida. Usiuchome. Nailoni ina nitrojeni, na inapoungua huweza kutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kwa anayeivuta.