Majivu ya nyumba si majivu ya jikoni

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zinaungua, na kila mwaka simu ninayopigiwa ni ileile: "Moto umeshazima, tunaenda kuwapa pole wazee kijijini, tutakaa siku tatu tuwasaidie kusafisha." Vizuri kabisa. Halafu linafuata lile swali: "Na majivu ya nyumba iliyoungua si tutayamwaga bustanini tu? Si mbolea?"

Siyo. Naandika ili mwenye swali hilo tena nimtumie ukurasa huu, nirudi kwenye chai yangu.

Linakotoka swali hilo napajua. Jivu la jikoni limetulea wote. Linasugua sufuria, linamwagwa chooni kukata harufu na inzi, kuku wanajiogesha humo wakimbie utitiri, maharage ya mbegu yanachanganywa nalo yasitobolewe. Lakini hilo ni jivu la kuni. Kuni zikiungua zikaisha zinabakiza chokaa, potashi na chumvichumvi kidogo. Ukilinyunyiza kwa kiasi kwenye udongo wenye uchachu wa Njombe au Mufindi, mahindi yanaona raha.

Nyumba haikujengwa kwa kuni. Hebu hesabu kilichokuwemo: kenchi na mtambaapanya za mbao zilizotiwa dawa, rangi ukutani, betri ya sola, redio, godoro la povu, ndoo za plastiki, na ile chupa ya dawa ya nyanya iliyochomekwa juu kwenye kenchi watoto wasiifikie. Vyote vimeshuka pamoja sakafuni na vyote sasa vina rangi moja ya kijivu. Kwa macho huwezi kuvitenganisha.

Nikae kidogo kwenye zile mbao, maana ndipo watu wanaponibishia. Mbao yenye ukijani, ile unayouziwa ghali kwa kuwa mchwa haigusi, mara nyingi imetiwa dawa yenye shaba, kromu na arseniki. Mchwa haigusi kwa sababu ni sumu. Moto unakula mbao, hauli metali. Sehemu ya arseniki inaondoka na moshi, iliyobaki inalala kwenye majivu, tena ikiwa imekolea zaidi kwa sababu ule mzigo wote wa mbao sasa unaenea kwenye karai. Ng'ombe wamekufa kwa kulamba majivu ya nguzo za namna hii, kwa kuwa yana ladha ya chumvi na ng'ombe anapenda chumvi. Sasa wewe unataka kuyaweka kwenye mchicha. Au, mbaya zaidi, kuyachanganya na maharage ya kula. Kuku ukiwaacha wachakure humo, mayai ndiyo hayo mtakayokaanga asubuhi.

Jibu la "lakini nyumba ya babu ilikuwa ya miti na nyasi tu, haina mbao za dawa" ni hili: kama kweli ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, bila betri, bila rangi, bila plastiki, sawa, jivu lake linakaribia lile la jikoni. Nyumba ya namna hiyo siku hizi ni ngapi kijijini kwenu?

Kusafisha, basi. Usifagie majivu makavu. Nyunyiza maji kama unayenyunyizia kitalu cha miche, yalowe bila kutiririka, kisha yazoe kwa koleo. Jivu lililolowa ni kali kama magadi, linachubua ngozi, kwa hiyo vaa glavu, suruali ndefu na viatu vya ngozi. Gambuti zinakinga maji, lakini ukikanyaga kaa lililojificha zinayeyukia mguuni. Nguo za pamba, si jezi; jezi nayo inayeyuka. Barakoa ya kitambaa inakuzuia kupiga chafya tu, vumbi jembamba linapita. Tafuta barakoa ya N95, na ndevu zisiifanye ikae upande. Wenye pumu, wajawazito na watoto wasiingie kwenye kiwanja, hata kama mtoto analilia baiskeli yake. Pepopunda usiisahau: misumari ya paa lote sasa iko chini, imesimama.

Halafu majivu unayapeleka wapi? Hapa vitabu vinasema "dampo lililoidhinishwa kwa taka hatarishi". Kijijini hakuna. Ninachowaambia watu ni hiki: chimba shimo mahali palipoinuka, mbali na kisima, mto na chemchemi, penye udongo wa mfinyanzi ukiupata, maana kichanga kinapitisha kila kitu. Tandika turubai, weka majivu yaliyolowa, funika kwa turubai, fukia, weka alama pasilimwe. Siupendi ushauri huu. Jivu lenyewe ni la magadi, na katika hali ya magadi arseniki inatembea vizuri zaidi kwenye maji, kwa hiyo shimo linanunua muda, haliondoi tatizo. Ila ni afadhali mara kumi kuliko kuyasambaza bustanini, au kuyaacha mvua ya kwanza iyasombe hadi bondeni.

Na huo moto "umeshazima"? Moto wa juu, ndiyo. Kwenye misindano na milingoti moto unashuka kwenye mizizi na kukaa huko, unatafuna taratibu bila moshi wa kuonekana mchana. Unaacha handaki lililofunikwa na ukoko mwembamba wa udongo. Mguu ukizama, umezama kwenye makaa. Nenda kukagua alfajiri, jua likiwa bado chini. Moshi mwembamba unaonekana wakati huo na saa nne hauonekani tena. Tazama mabaka ya jivu jeupe laini na vidudu vidogo vilivyojikusanya juu ya sehemu moja, vinapenda joto. Kisha tumia mgongo wa kiganja: usogeze karibu bila kugusa, kama hakuna joto gusa, kama bado hakuna chimba kidogo urudie. Mgongo wa mkono kwa sababu ngozi yake inahisi haraka, na ukiungua bado unaweza kushika jembe.

Kipimo hicho hakifiki chini sana. Mzizi unaowaka nusu mita ardhini unaweza kukipita, na hakuna idadi ya siku ninayoweza kukuapia kwamba ikiisha shina ni salama. Wiki kadhaa ni jambo la kawaida.

Ukikuta joto, tafadhali, usifukie kwa udongo mkavu. Kila mtu anafanya hivi na kila mtu anajisikia amezima moto. Wachoma mkaa mnawajua: wanafukia tanuri ili moto ukae, si ili ufe. Udongo ulioutupa juu ndiyo blanketi. Fukua, mwaga maji, koroga kwa jembe, mwaga tena, koroga hadi utope uwe baridi mkononi. Ndoo nzima iliyomwagwa juu juu inafanya kazi ndogo kuliko nusu ndoo iliyokorogwa.

Miti iliyosimama huku imeungua shinani ikae mbali nawe mara mbili ya urefu wake, na siku ya upepo usiingie shambani kabisa. Haitoi mlio wa kukuonya.

Choo cha shimo sasa. Kama sakafu yake ilikuwa ya magogo na udongo, magogo yanaweza kuwa yameungua kwa chini na udongo wa juu ukabaki vilevile, unavutia kabisa. Gonga kwa mti mrefu ukiwa umesimama pembeni. Mgeni ndiye wa kwanza kuuliza choo kiko wapi.

Kuta: matofali ya kuchoma yalishapita tanuri, moto hayauogopi. Kinachoharibika ni udongo au saruji iliyoyashika, na linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Zege likigeuka rangi ya waridi limepata joto la kutosha kulilegeza, usilijengee juu. Ule ukuta wa pembetatu uliokuwa umeshikwa na kenchi sasa haujashikwa na kitu. Upepo unautosha. Mabati yaliyoungua yakawa kama yamepakwa chaki yamepoteza zinki yake. Yaezekee banda la muda ukitaka, yatashika kutu upesi, ila maji ya kunywa usikinge kutoka kwake. Mtungi wa gesi uliopita motoni usijazwe tena hata kama unang'aa, urudishe kwa wakala na umweleze ulikotoka.

Maji ya bomba. Kwenye miradi ya mtiririko, ile ambayo maji yanashuka yenyewe bila pampu, mabomba ni ya plastiki, na mengine yamelazwa juu juu. Yakiyeyuka na mkondo ukapungua nguvu, bomba linavuta moshi na uchafu ndani. Marekani, baada ya moto wa Santa Rosa mwaka 2017 na wa Paradise mwaka 2018, walikuta benzini kwenye maji ya bomba, kemikali inayosababisha saratani. Kuchemsha kunaua vijidudu. Benzini kunaitoa kwenye sufuria na kuiingiza kwenye pua yako, jikoni. Mifumo ile ya mjini yenye nyumba elfu kwa elfu si sawa na bomba letu la vituo kumi na viwili, na huenda kwetu tatizo ni dogo. Hata hivyo chota upande wa juu, maji kabla hayajafika sehemu iliyoungua, au kwenye tawi ambalo moto haukulifikia, hadi kipande kilichoyeyuka kikatwe na maji yaachiwe yatiririke.

Kuhusu zawadi sitakaa. Nguo kuukuu wameshaletewa marundo. Peleka turubai, ndoo zenye mfuniko, sufuria, jembe na koleo, chaja ya simu, glavu na N95 za kila mtu mzima, pamoja na nakala za vitambulisho na hati ulizokuwa nazo wewe mjini. Peleka chakula chenu cha siku zote mtakazokaa, na mzigo wa kuni au mkaa, kwa sababu wageni kumi wanaokuja kutoa pole ni wageni kumi wa kulishwa. Watakataa, watasema tutakula kilichopo. Shusha mzigo hivyo hivyo.

Na wakisema wanakuchinjia kuku, mvute dada yako pembeni, si mama, umuulize kuku huyo alikuwa anachakura wapi.