Wiki tano na mstari mmoja: kusoma uhusiano katika takwimu za biashara

Kuna swali ambalo sisi watu wa takwimu hatukosi kuulizwa na wafanyabiashara: nikiongeza hiki, kile kitaongezeka kwa kiasi gani? Nikizidisha matangazo, mauzo yatapanda? Nikipunguza bei, wateja watazidi? Mara nyingi muulizaji ana jibu, au sehemu yake, limelala kwenye daftari lake. Kuliamsha kunahitaji zana mbili za zamani. Ya kwanza ni korelesheni, inayopima vitu viwili vinaandamana kwa kiasi gani. Ya pili ni rigresheni ya mstari, inayotafuta mstari ulionyooka unaoziwakilisha vyema nukta zote.

Tuchukue mfano mdogo unaoweza kuhesabika kwa kalamu. Tuseme mwenye biashara ameandika, kwa wiki tano, saa alizotumia kuwafuatilia wateja kwa simu na oda alizopata. Saa ni 2, 4, 6, 8 na 10. Oda, kwa mpangilio huohuo, ni 18, 16, 28, 24 na 34. Ukizitazama hivi tu unaona zinapanda, lakini kwa kuyumba: wiki ya pili alifanya kazi zaidi ya ya kwanza akapata oda chache zaidi.

Wastani wa saa ni 6, wa oda ni 24. Toa wastani kwenye kila namba, upate kila wiki iko umbali gani kutoka katikati. Kwa saa ni −4, −2, 0, 2, 4, na kwa oda ni −6, −8, 4, 0, 10. Zidisha jozi kwa jozi, kisha jumlisha: 24 + 16 + 0 + 0 + 40 = 80. Sasa zidisha kila tofauti ya saa kwa yenyewe, ujumlishe: 40. Gawanya 80 kwa 40, unapata 2. Huo ndio mteremko wa mstari: kila saa moja ya ziada inaandamana, kwa wastani, na oda 2 zaidi. Mstari lazima upite kwenye wastani zote mbili, kwa hiyo 24 kutoa mara mbili ya 6 ni 12. Mlinganyo umekamilika: oda = 12 + 2 × saa.

Kwa saa hizo tano mstari unatabiri oda 16, 20, 24, 28 na 32. Linganisha na zilizopatikana kweli, unabaki na tofauti za 2, −4, 4, −4 na 2. Hizo tunaziita masalio, na ndizo ninazozitazama kwanza ninapoletewa kazi ya mtu. Ukizidisha kila salio kwa lenyewe na kujumlisha unapata 56, na hakuna mstari mwingine ulionyooka utakaokupa jumla ndogo kuliko hiyo. Kanuni hii ya kupunguza jumla ya miraba (namba zilizozidishwa kwa zenyewe) ilichapishwa na Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805. Yeye alikuwa akihangaika na njia za nyota zenye mkia (kometi) angani.

Korelesheni, inayoandikwa kwa herufi r, hutumia vipande vilevile. Tofauti za oda, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, zina jumla ya 216. Zidisha 40 kwa 216, tafuta kipeuo cha pili, ni karibu 92.95. Gawanya 80 kwa hiyo: r = 0.86. Kipimo hiki huanzia −1, kimoja kikipanda kingine kinashuka bila kukosea, hadi 1, vinapopanda pamoja bila kukosea. Sifuri maana yake hakuna uhusiano wa mstari. Ukizidisha 0.86 kwa yenyewe unapata karibu 0.74: asilimia 74 ya kupanda na kushuka kwa oda inaelezeka kwa saa za ufuatiliaji, iliyobaki ina sababu nyingine ambazo daftari hili halikuzirekodi.

Namba inapendeza, na hapa ndipo watu wengi hufunga kompyuta na kwenda kuandika ripoti. Subiri kwanza.

La kwanza, tuna wiki tano tu. Kwa jozi 5, hata vitu visivyohusiana kabisa vinaweza kuleta r kubwa kwa bahati. Kigezo kinachotumika sana ni hiki: tusiuite uhusiano wa kweli mpaka r iwe kubwa kiasi kwamba bahati peke yake ingeifikia chini ya mara 5 katika 100. Kwa jozi 5 kiwango hicho ni 0.878. Yetu ya 0.86 haijavuka. Kwa jozi 10 kinashuka hadi 0.632, na kwa jozi 30 ni 0.361 tu. Kwa hiyo r ya 0.4 iliyotoka kwenye wiki 30 ina uzito kuliko 0.86 yetu ya wiki tano. Mwenye biashara wetu hajakosea kitu. Anahitaji kuendelea kuandika.

La pili, chora picha. Saa kwenye mhimili mlalo, oda kwenye mhimili wima, nukta moja kwa kila wiki. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitunga makundi manne ya data, kila moja na jozi 11. Yote manne yana wastani uleule, mstari uleule wa y = 3 + 0.5x, na r ileile ya takriban 0.82. Ukiyachora, la kwanza ni nukta za kawaida zilizotawanyika kuzunguka mstari, la pili ni upinde, la tatu ni mstari safi ulioharibiwa na nukta moja iliyojitenga, na la nne ni nguzo ya nukta zilizosimama wima na moja tu, iliyokaa mbali peke yake, ndiyo inayoubeba mstari wote. Katika biashara nukta hiyo moja huwa ni oda kubwa ya mteja mmoja, au siku ambayo karani aliongeza sifuri.

Hata picha ikiwa nzuri, mstari haukuambii nani anamvuta nani. Kampuni nyingi hupanga bajeti ya matangazo kama asilimia ya mauzo. Hapo matangazo na mauzo yataandamana vizuri sana, na sababu imekaa upande wa pili: mauzo ndiyo yanayozaa matangazo. Muda nao hudanganya. Mwaka 1926 George Udny Yule alionyesha kwamba kati ya 1866 na 1911 sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Uingereza na kiwango cha vifo vilikuwa na korelesheni ya 0.95. Vyote viwili vilikuwa vikishuka mwaka hadi mwaka, basi. Mauzo yako yakikua kila mwezi, yataandamana na chochote kingine kinachokua. Dawa rahisi ni kulinganisha mabadiliko ya mwezi hadi mwezi badala ya kiwango chenyewe. Uhusiano wa kweli mara nyingi hubaki, wa uongo huyeyuka.

Kuhusu kutabiri, kaa ndani ya eneo ulilopima. Kwa saa 7 mstari wetu unasema oda 26, na hilo lina maana. Kwa saa 40 unasema 92, na hakuna aliyewahi kuona biashara hii ikifanya hivyo.

Neno lenyewe rigresheni, yaani kurudi nyuma, lilitoka kwa Francis Galton. Katika andiko lake la mwaka 1886 alieleza kwamba watoto wa wazazi warefu sana huwa warefu, lakini kwa wastani wanasogea kuelekea urefu wa watu wote. Wafupi nao vivyo hivyo, kwa upande wao. Sidhani kuna jambo lenye manufaa zaidi kwa meneja katika somo hili, ingawa vitabu vingi hulipitia kwa haraka. Chukua matawi 20, chagua 5 yaliyofanya vibaya zaidi mwezi huu, uyapeleke mafunzoni. Mwezi ujao, kwa jumla, yatapanda. Yangepanda hata bila mafunzo, kwa sababu sehemu ya ubaya wao ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya haikai mahali pamoja. Yale 5 bora uliyoyapa zawadi yatashuka kidogo, na mtu atasema zawadi zimewalegeza. Ukitaka kujua mafunzo yamesaidia kiasi gani, chukua matawi 10 yaliyofanya vibaya zaidi, yagawe kwa bahati nasibu, 5 yaende, 5 yabaki, kisha linganisha makundi hayo mawili.