Kuziba Nyufa Peke Yake Hakuondoi Radoni
Wapo wenye nyumba katika jimbo la Iowa, Marekani, wanaoamini kwamba radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotokana na urani iliyomo ardhini, huisha fundi yeyote akiziba nyufa za sakafu. Si kweli. Hewa yenye joto hupanda ndani ya nyumba na kuifanya nyumba ivute hewa ya udongoni kupitia vipenyo ambavyo jicho halivioni, ndiyo maana EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, haliuhesabu uzibaji peke yake kuwa tiba.

Kinachofanya kazi ni kutoboa sakafu ya zege, kupitisha bomba la plastiki na kufunga feni inayonyonya hewa ya chini ya sakafu usiku na mchana na kuitoa juu ya paa. Hapa ndipo fundi asiyesomea kazi hii huharibu: akiifunga feni ndani ya nyumba badala ya darini au nje, bomba likipasuka juu yake, gesi iliyokusanywa humwagika mle mle watu wanamolala. Iowa hudai fundi wa kazi hii awe na leseni ya jimbo. Mwambie akuonyeshe leseni hiyo kabla ya kuzungumzia bei, na bei ya chini mno mimi ingenitia shaka.

Kwenye bomba huwekwa kijibomba cha umbo la U chenye kimiminika cha rangi, ambacho kikilingana pande zote mbili, feni haivuti. Kijibomba hicho hakipimi radoni. Nyumba hupimwa upya kati ya saa 24 na siku 30 baada ya feni kuwashwa, ili kuhakikisha kiwango kimeshuka chini ya pikokyuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa, na ni bora apime mtu mwingine, si yule aliyelipwa kuifunga feni.