Mpira mweupe kukwepa mstari: si ulaini wa fimbo

Ukimsikiliza mtu kwenye meza ya pool akisifu fimbo yake, hakosi kusema: "Hii inapinda, ndiyo maana mpira mweupe hauhami." Hapo sababu imekosewa.

Ukipiga mpira mweupe pembeni, tuseme kulia, ili uzunguke, hauendi pale fimbo ilipoelekea; unakwepa kidogo kushoto. Mpira unapoanza kuzunguka huisukuma ncha ya fimbo kulia, nayo ncha huusukuma mpira upande wa pili. Ncha ikiwa nzito, msukumo huo ni mkubwa. Basi kinachohesabika ni uzito wa sehemu ya fimbo iliyo karibu na ncha. Ncha na mpira hugusana kwa takriban 1/1000 ya sekunde tu, muda usiotosha mtikisiko kufika kwenye mpini. Ukiongeza uzito wa madini ya risasi huko nyuma, ukwepaji haubadiliki.

Ndiyo maana Predator, kampuni ya Marekani, miaka ya 1990 ilitoboa tundu ndani ya sehemu ya mbele ya fimbo zake na kupunguza uzito wa kikofia kinachobeba ncha. Fimbo nyingi za kaboni za siku hizi ni ngumu kweli, na bado hukwepesha kidogo.

Jaribu mwenyewe: funga waya mzito karibu na ncha, piga pembeni kwa nguvu, uone mpira unavyohama. Na anayekuuzia fimbo nyepesi ya mbele akidai itaongeza mzunguko, anakuza tu bei. Mzunguko hutokana na umbali wa ncha kutoka katikati ya mpira.