Tembo wa mbao alivyogeuka toi

Juzi asubuhi simu imeita hata chai sijanywa, ni dada mmoja wa Mombasa ananifokea utadhani hizi sheria za Ulaya nimezitunga mimi. Soko la mtandaoni analouzia limemfungia bidhaa kumi na moja kwa mpigo mmoja, vinyago vyote, tembo, twiga, kifaru, na ujumbe aliotumiwa unasema anauza toi, yaani vitu vya watoto kuchezea, zisizo na alama ya CE, ile ambayo mtengenezaji anatamka nayo kwamba bidhaa inafuata sheria za Ulaya. "Kaka mimi nauza mapambo, toi zimetoka wapi?"

Nikafungua tangazo la tembo. Kitu kizuri, sentimita tisa, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Picha ya kwanza yuko rafuni kando ya vitabu, sawa. Picha ya tatu sasa kuna kimkono cha mtoto kimemshika kiunoni, na kwenye maelezo kaandika zawadi safi ya mtoto kuchezea. Nikamwambia dada, tembo wako alikuwa pambo mpaka picha ya pili.

Hii ndiyo kazi yangu hapa Hamburg, nawasaidia wauzaji wadogo kupanga makaratasi ya bidhaa zao, na kosa ninaloliona kila wiki si bidhaa mbaya, ni muuzaji kutojua bidhaa yake inasomwaje huku. Direktivu ya toi ya 2009, yaani sheria ya Umoja wa Ulaya, inasema toi ni kitu kilichokusudiwa kuchezewa na mtoto wa chini ya miaka 14, hata kama hiyo siyo kazi yake pekee. Sasa nani anajua ulikusudia nini? Tangazo lako mwenyewe ndilo linakushtaki. Na ukishaingia kwenye toi basi umeingia, unatakiwa vipimo vya EN 71 (viwango vya Ulaya vya usalama wa toi), tamko la ulinganifu lenye saini, yaani karatasi unayokiri kwamba toi inafuata sheria, alama ya CE isiyopungua milimita 5 kwa urefu. Kama ni ya watoto wa chini ya miaka mitatu ndiyo balaa, maabara wana kisilinda kidogo chenye upana wa milimita 31.7, wanakivuta kinyago, kipande chochote kikichomoka kikaenea mle ndani umefeli. Zile pembe za tembo zilizogandishwa kwa gundi zinaenea, tena zinabaki na nafasi.

Wengine wananiambia si naandika tu haifai kwa chini ya miezi 36 nimalize. Hapana, kama kitu chenyewe kinaonekana wazi ni cha kichanga hilo onyo halikuokoi.

Halafu msije mkakimbilia upande wa pili mkabandika CE kwenye kila kitu, nimeona kiondo kina CE jamani! Alama hiyo ni ya bidhaa ambazo sheria yake imeitaja, kuibandika kwenye kikapu au shuka ni kosa lenyewe. Na yule mtu wa mtandaoni anayekuuzia "cheti cha CE" bila hata kuomba sampuli, huyo anakuuzia karatasi.

Basi tukatoa picha ya mtoto, tukafuta yale maneno, tembo karudi kuwa pambo. Hapo dada akadhani tumemaliza manake mapambo hayana sheria. Yalikuwa hayana sheria nyingi, lakini tangu tarehe 13 Desemba 2024 kuna kanuni ya usalama wa bidhaa kwa ujumla, watu wanaiita GPSR, na hiyo inakamata karibu kila kitu anachouziwa mlaji ambacho hakina sheria yake maalumu. Kutengeneza kwa mkono hakukusamehe, kuuza vipande vitano kwa mwaka hakukusamehe, mtumba pia umo. Ireland ya Kaskazini nayo imo, Uingereza iliyobaki haimo.

Inataka nini? Kwanza jina la mtengenezaji, anwani ya posta na ya kielektroniki, kwenye bidhaa au kwenye kifungashio na pia kwenye tangazo. Lebo ya dada ilikuwa na jina la Instagram tu, hiyo haitoshi. Namba ya kuitambua bidhaa au fungu lake. Maonyo kwa lugha ya nchi unayouzia, kwa hiyo Ujerumani ni Kijerumani. Na faili la kiufundi lenye uchambuzi wa hatari, linatunzwa miaka 10. Watu wakisikia uchambuzi wa hatari wanaona injinia na makoti meupe, la tembo lilikuwa kurasa mbili: mbao gani, vanishi gani na risiti yake, akianguka pembe ikikatika inabaki ncha kali, kwa hiyo pembe zifupishwe na ncha zisuguliwe butu. Mchongaji mwenyewe ndiye aliyesema hilo la pembe, mimi niliandika tu. (Kama mbao ni mpingo kuna la ziada, tangu 2017 umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ingawa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao kwa shehena zimesamehewa.)

Sasa mfupa wenyewe ni huu, wewe uko Mombasa au Arusha au Bujumbura, lazima awepo mtu ndani ya Umoja wa Ulaya anayewajibika kwa bidhaa yako, na jina lake na anwani vionekane kwenye tangazo. Anaweza kuwa muagizaji, mwakilishi uliyempa mamlaka kwa maandishi, au kampuni inayokuwekea mzigo na kuutuma kama hakuna mwingine. Shangazi yako wa Stuttgart? Anaweza, lakini mweleze ukweli kwanza, siyo anwani tu ya kupokelea barua, mamlaka zikiuliza ni yeye atakayetoa faili, na anatakiwa awe anakagua kwamba kinachouzwa ndicho kilichoandikwa. Mimi anayekubali kuwajibika bila kuomba faili simwamini hata kidogo.

Dada ana shanga pia. Pale sikuangalia shanga, niliangalia kile kifungo cha chuma cha bangili, kinachogusa ngozi kutwa nzima. Nikeli isitoke zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, madini ya risasi yasizidi asilimia 0.05 ya uzito, na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, asilimia 0.01. Kifungo kimenunuliwa sokoni, hakuna anayejua kimechanganywa na nini, basi ama ukipime ama ubadilishe uweke fundo la uzi. Aliweka fundo, na bangili imependeza zaidi.

Boksi na karatasi za kufungia nazo zinasajiliwa Ujerumani kwenye rejista ya LUCID, kuanzia kifurushi cha kwanza, na tangu Julai 2022 masoko ya mtandaoni lazima yaidai namba ya usajili huo.

Mpaka leo wamerudi tisa kati ya kumi na moja. Twiga wawili bado, masikio yao yanacheza na fundi anataka kuwachonga upya kwa gogo moja.