Dumu na pampu za maji za kempingi: watu wanavyoamini na ukweli ulivyo

Naanza na ile inayoumiza watu kweli, kwamba ukishakuwa na pampu basi maji yanayotoka ni masafi. Sio. Ile pampu ndogo ya kuchaji unayoivalisha juu ya dumu la lita 20, unabonyeza kitufe maji yanatiririka vizuri, kazi yake ni kuyatoa chini na kuyapandisha juu basi. Kama ulijaza maji ya mto ambao huko juu kuna mifugo inakunywa na kunya humohumo, hicho ndicho utakachokunywa hata yakitoka meupe kiasi gani. Tafadhali msiwape watoto maji kwa kuangalia rangi.

Sasa kuna pampu za mkono zenye filta ndani, hizo ni kitu kingine kabisa na ni nzuri, ila nazo watu wanazipa sifa ambazo hazina. Nyingi zina matundu ya mikroni 0.1 hadi 0.2 (mikroni 1 ni sehemu ya elfu moja ya milimita), hapo bakteria hapiti na vimelea kama Giardia na Cryptosporidium havipiti, lakini virusi vingi ni vidogo kuliko hilo tundu kwa hiyo vinapenya. Upande wa pili kuna mtu anakuambia yeye hana haja na filta anaweka klorini tu, na klorini inaua virusi vizuri sana ila Cryptosporidium inaihimili. Yaani kila moja inaziba pengo la mwenzake, ndo maana pale penye watu wengi au mifugo mimi nasema chuja kwanza halafu weka klorini, au kama una moto chemsha umalize habari: yakishatokota kwa nguvu yaache dakika 1, na kama mko juu zaidi ya mita 2,000 yaache dakika 3 kwa sababu kule maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Maji yakiwa na dawa za shamba au mafuta ya magari, hapo kuchemsha hakusaidii, tafuteni maji mengine.

Halafu hii ya "dumu ni dumu, ukiliosha vizuri linafaa". Hapana jamani. Plastiki inanyonya, dumu lililobeba petroli au dawa ya wadudu hata ulisugue wiki nzima bado litaendelea kuachia ile kitu kwenye maji kidogo kidogo. Hata la maziwa au juisi sio zuri kwa maji ya kukaa, mabaki ya sukari na protini hayatoki yote na bakteria wanayapenda. Watu wengine wanaangalia ile pembetatu yenye namba chini ya dumu, wakiona 2 wanaridhika, na kweli 2 ni HDPE, ndiyo plastiki ya madumu mengi mazuri ya maji, lakini namba inakuambia aina ya plastiki tu, haisemi kama hilo dumu lilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Alama ya kikombe na uma ndiyo inayosema hivyo. Na chagua lisilopitisha mwanga kama maji yatakaa siku kadhaa, jua likipenya ukoga wa kijani unaota upesi.

Kosa ambalo naliona limeenea kuliko yote ni kuamini kwamba maji yakitoka nyumbani masafi yatabaki masafi mpaka mwisho wa safari. Maji mengi yanachafukia kwenye chombo chenyewe. Mdomo mpana mtu anachota na kikombe, vidole vinaingia, mtoto anarudisha aliyobakiza, mpira wa pampu unatolewa unalazwa kwenye majani halafu unarudishwa ndani. Dumu lenye mdomo mwembamba na koki linashinda ndoo yoyote hapa, maana hakuna sababu ya mkono kuingia. Ila hiyo koki nayo ina siri yake, ndani kunajenga utelezi, na kwenye mpira wa pampu vilevile, unaweza kusugua dumu likang'aa kumbe uchafu wote uko kwenye kale kabomba ambako brashi haifiki. Osha kwa sabuni, suuza, kisha changanya kijiko 1 cha chai cha blichi ya kawaida isiyo na manukato kwenye lita 1 ya maji, tikisa iguse kila upande, ipitishe kwenye koki, washa pampu inyonye na kuitoa, subiri angalau sekunde 30, mwaga, pitisha maji safi. Kisha kila kitu kikauke. Hapa kwenye kukauka ndipo watu wanapoharibu, wanafunga mfuniko dumu likiwa bichi wanalitupa stoo mpaka safari nyingine, ukija kufungua unakutana na harufu. Liache wazi, mpira uning'inize.

Kuhusu saizi, wengi wanaamini kubwa ndiyo bora. Lita 1 ni kilo 1, hakuna ujanja, dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na uzito wake lenyewe, sasa jiulize nani atalibeba kutoka kwenye gari mpaka kwenye hema. Watu 4 kwa siku 3, ukipiga lita 4 kwa kila mtu kwa siku za kunywa, kupikia na kunawa kidogo, ni lita 48, na joto likiwa kali ongeza. Mimi nagawa kwenye madumu ya lita 10, mkono unayamudu na likipasuka moja hujapoteza yote. Na msiyapange juu ya paa la gari, uzito ukikaa juu gari linayumba kwenye kona, maji yakae chini na yafungwe.

Tukirudi kwenye pampu, namba kwenye boksi zinadanganya watu ingawa sio za uongo. Ikiandikwa lita 6 kwa dakika hiyo kwa kawaida imepimwa bila kupandisha maji, kadiri unavyoinua mpira ndivyo yanavyopungua mpaka yanakata kabisa. Halafu mtu ananunua pampu ya mkono ya kukaa juu anataka ivute maji ya shimo la mita 12, haiwezekani, kwa sababu pampu ya kuvuta inategemea hewa ya nje iyasukume maji juu, na hewa usawa wa bahari inamudu kama mita 10 kwa hesabu, kwa vitendo ni kama 7, na mlimani hupungua zaidi. Kina kirefu kinataka pampu ya kuzamisha inayosukuma kutoka chini. Hiyo ya kuzamisha nayo usiiache izunguke bila maji, nyingi maji ndiyo yanayoipooza.

Vidogo vidogo: koki ikitoa kwa kukata kata usiseme ni mbovu, legeza mfuniko wa juu hewa iingie. Kwenye baridi kali usijaze dumu mpaka juu, barafu inatanuka kama asilimia 9, na filta za nyuzi (zile zinazochuja kwa vimirija vyembamba sana) zikishalowa na kuganda zinapasuka ndani bila wewe kuona, kwa hiyo usiku lala nayo ndani ya blanketi, na ikiganda itupe. Betri nazo baridi inazinyong'onyeza, chagua dumu ambalo unaweza kulimimina hata pampu ikizima, na kabla ya kununua jaribu kama mdomo wa pampu unakaa kwenye mdomo wa dumu ulilonalo, maana nyuzi za mifuniko hazifanani.